Lugha Isiyo na Wenyewe

Kila mtu ana jambo la kumpumzisha baada ya kazi. Wako wafugao njiwa, wako wakusanyao stempu, na wako wachezao bao mpaka jua likazama. Sisi, ambao kazi yetu ni kufundisha Kiswahili hapa Bujumbura, tumechagua kujifunza Kiesperanto. Ni burudani isiyo na gharama kubwa: kitabu kimoja cha sarufi, daftari moja, na saa moja ya jioni. Hata hivyo imewashangaza wengi. Mwalimu mwenzetu mmoja alituambia: "Mwalimu, Kiswahili chenyewe hatujakimaliza, nawe wakimbilia lugha isiyo na kabila wala kijiji? Mwacha asili ni mtumwa." Hoja hiyo haifai kupuuzwa, nayo ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaisikia, Kiesperanto ni lugha iliyobuniwa na mtu mmoja, L. L. Zamenhof, daktari wa macho, Myahudi, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok. Mji huo leo umo nchini Poland, lakini zama hizo ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Humo waliishi Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi, kila kundi na lugha yake, na kila kundi likilitazama jingine kwa jicho la chuki. Tangu utotoni Zamenhof aliamini kwamba tofauti ya lugha ndiyo sababu kubwa ya uadui huo. Mwezi Julai 1887, akiwa na umri wa miaka 27, alichapisha mjini Warsaw kitabu kidogo cha lugha mpya, akajiita humo "Doktoro Esperanto", yaani daktari mwenye kutumaini. Lakabu hiyo ikawa jina la lugha yenyewe. Mwaka 1905 wapenzi wa lugha hiyo 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika mkutano wao wa kwanza wa dunia.

Mwalimu wa Kiswahili afunguapo sarufi ya lugha hii hukuta mambo asiyoyatarajia. Ni kweli kwamba maneno yake mengi yamechotwa Ulaya, hasa katika Kilatini na lugha zilizotokana nacho. Hiyo ni kasoro, kwani mtu aliyepitia Kifaransa hupata njia ya mkato ambayo mwingine haipati. Lakini ufundi wa kuyaunga maneno hayo hauko mbali na wetu. Kila nomino huishia kwa -o, kila kivumishi kwa -a, na kitenzi hubadili mwisho wake kuonyesha wakati: lernas ni "anajifunza", lernis ni "alijifunza", lernos ni "atajifunza", wala hakuna kitenzi hata kimoja kinachoasi kanuni hiyo. Mzizi mmoja huzaa ukoo mzima. Chukua neno sana, ambalo kwao si "mno" bali ni "enye afya". Tanguliza mal-, kiambishi cha kupindua maana, upate malsana, "gonjwa". Ongeza -ul-, alama ya mtu, upate malsanulo, "mgonjwa". Ongeza tena -ej-, alama ya mahali, upate malsanulejo, yaani hospitali. Nani kati yetu asiyekumbuka hapo lima, limia, limisha, kilimo na mkulima? Tulipowaonyesha wanafunzi wetu mfano huo, walicheka kwanza kwa ajili ya hiyo sana, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakupata kuuliza: kwa nini mkulima ana ku- katikati, na mpishi hana? Saa nzima ya somo ilipita katika swali hilo, nasi hatukuijutia.

Lugha lakini haisemwi na mtu peke yake. Burundi na Kongo zimekuwa na vikundi vya Waesperanto kwa miaka mingi, nasi tulipata wenzetu sita mjini: fundi cherehani mmoja, karani mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, na vijana watatu wa chuo. Tukawa tunakutana Jumamosi alasiri. Wasemaji wa lugha hii huitana samideano, neno la vipande vitatu: sam- ni "sawa", ide- ni "wazo", -an- ni "mshiriki"; yaani mwenzi katika wazo moja. Wana pia mzaha wao. Mtu aachaye Kiesperanto katikati ya mkutano na kurudia lugha ya mamaye, husemwa kwamba anakrokodili, yaani anafanya umamba. Katika kikundi chetu mamba hulipa chai, na mara nyingi mlipaji amekuwa mzee wetu wa hesabu, ambaye hawezi kuhesabu ila kwa Kirundi.

Ni mzee huyo huyo aliyeuliza swali lililotunyamazisha wote. Zamenhof, alisema, alidhani watu wakipata lugha moja wataacha kuuana. Je, sisi? Nchi yetu nzima husema Kirundi, na majirani zetu wa Rwanda wote husema Kinyarwanda. Mwaka 1972 na mwaka 1993 kwetu, na mwaka 1994 kwao, waliouawa na waliowaua walielewana kila neno. Aliyeomba kuhurumiwa aliomba kwa lugha ile ile ya aliyeshika panga. Mzee alipoteza ndugu zake wawili mwaka 1993. "Lugha moja tulikuwa nayo tayari," akasema. "Ilitufaa nini?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu, wala Zamenhof mwenyewe asingeweza kumjibu kwa wepesi. Baadaye maishani aliona kwamba lugha peke yake haitoshi, na tangu mwaka 1906 akatangaza pia mafundisho juu ya kuheshimiana kwa watu wa mataifa na dini zote. Alifariki mwaka 1917. Katika Vita Kuu ya Pili wanawe wote watatu waliuawa na utawala wa Hitler. Swali la mzee tulilibeba moyoni kwa muda mrefu, na tulisafiri nalo mpaka Arusha.

Maana mwezi Agosti 2024 Waesperanto walifanya mkutano wao wa dunia wa 109 katika mji huo wa Tanzania, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika katika bara la Afrika. Kwa Mrundi, Arusha si mji tu wa watalii na mlima Meru. Hapo ilikaa mahakama ya kimataifa iliyowahukumu watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapo pia, tarehe 28 Agosti 2000, yalitiwa sahihi makubaliano ya amani ya Burundi, baada ya majadiliano ya zaidi ya miaka miwili baina ya watu waliokuwa na Kirundi kimoja.

Siku ya tatu ya mkutano tuliketi kunywa chai na bibi mmoja wa makamo kutoka Japani, mwalimu kama sisi. Alitaka kutuonyesha kitabu chake cha kiada, ambacho kwa Kiesperanto huitwa lernolibro. Neno hilo likamshinda ulimi: l ikawa r, na r ikawa kitu kisichojulikana. Tulipomwitikia, nasi likatushinda vivyo hivyo, kwani Kirundi chetu hakina desturi ya kuzitenga sauti hizo mbili. Tulijaribu mara tatu, yeye upande wake nasi upande wetu, mpaka tukaangua kicheko pamoja. Hapakuwa na mtu mezani wa kutusahihisha kwa dharau, kwa sababu hapakuwa na mtu mezani aliyezaliwa na lugha ile. Kila mmoja alikuwa ametoka kwake akaenda kwa miguu mpaka mahali pasipo pake, ili akutane na mwenziwe.

Hapo tuliona jibu la mzee, ingawa ni dogo kuliko swali lake. Lugha ya kuzaliwa hatukuichagua, na kwa hiyo haidhihirishi nia yoyote kwa jirani. Kinachodhihirisha nia ni taabu ya kujifunza: kukubali kuwa mtoto tena, kukosea mbele ya mgeni, na kumngoja naye akosee. Kuelewana maneno hakumzuii mtu kuua. Kumngoja mwenzako amalize sentensi yake ni mazoea ya namna nyingine.

Na hapa ndipo tunapomrudia mwenzetu wa Mwacha asili. Katika nchi zetu za jirani, Kiswahili kwa walio wengi si asili. Ni lugha ya kujifunza, ya sokoni, barabarani na darasani. Kila mara tumeambiwa kwamba Kiswahili kina wenyewe, nasi hatulikatai hilo. Heshima ya wenyewe ni haki yao. Lakini mtoto wa Gitega asemaye "ninarara" badala ya "ninalala" akachekwa darasa zima, siku ya pili hunyamaza, na akinyamaza tumempoteza. Mtoto huyo amefanya kile alichokifanya bibi wa Japani: ametoka kwake akaja kutukuta katikati ya njia. Asahihishwe, ndiyo, maana kusahihisha ni kazi yetu. Ila asahihishwe kama mgeni aliyekaribishwa.

Tunawasihi basi walimu wenzetu jambo moja. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na shuleni siku hiyo jukwaa hupewa wenye ufasaha, wenye mashairi na ngonjera. Wapewe, wanastahili. Lakini kabla yao asimame mwanafunzi aliyeanza kujifunza Kiswahili mwaka huu huu, aseme sentensi zake tano, na shule nzima imngoje mpaka azimalize.