Malolo na Wageni Wake

Malolo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ndani ya Jimbo la Uchaguzi la Mikumi, nayo ni mahali ambapo msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita jirani yake bila kujua, kwa kuwa haiko kwenye lami, bali hufikiwa kwa barabara ya vumbi inayochepuka karibu na Ruaha Mbuyuni, pale Mkoa wa Morogoro unapopakana na ule wa Iringa. Nchi yake ni ya joto, yenye mibuyu na miiba katika sehemu kavu, na mashamba ya kijani kibichi kandokando ya Mto Mwega, ambao maji yake huteremka kutoka milimani na kuishia katika Ruaha Mkuu. Wenyeji wake wa asili ni Wasagara na Wavidunda, wakiwa na Wahehe kwa majirani upande wa magharibi, ingawa leo vitongoji vyake vina watu wa makabila mengi waliofika kwa sababu ambazo zitaelezwa. Kumbukumbu hii inawahusu hao wanaofika: namna mgeni alivyopokelewa Malolo zamani, na namna mapokezi hayo yalivyogeuka hadi kuwa biashara.

Ugeni katika bonde hili ulianza zamani sana. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokwenda vituo vya biashara vya bara, Unyanyembe na Ujiji, ilikatiza milima ya Usagara kwa njia kuu mbili, moja ya kaskazini iliyofuata Mto Mkondoa na nyingine ya kusini iliyojulikana kwa jina la Kiringawana, mtawala wa Kisagara wa wakati huo. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri na John Speke kati ya 1857 na 1859, alikwenda bara kwa njia ya kwanza na kurudi kwa ya pili, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 anataja Maroro, Kisanga na Ruhembe, majina ambayo mtu wa Kilosa huyatambua mara moja ayasikiapo, hata kama sikio la mgeni liliandika herufi moja badala ya nyingine. Msafiri wa siku hizo hakupita bure, kwani alitozwa hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru halali ambao mtawala wa nchi alipewa kwa nguo, shanga au waya ili msafara upite kwa amani na kupata maji na chakula. Wapagazi walikula kile ambacho vijiji vilikubali kuwauzia, hivyo bonde lenye maji lilikuwa na kauli mbele ya msafara, na wakubwa wa pwani waliokuja na bunduki walilazimika kukaa chini na kuzungumza.

Utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza uliisogeza dunia ya wasafiri mbali na Malolo kwa muda. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa, na huko ndiko kulikochipua mji wenye boma, soko na maduka ya Wahindi, huku mashamba ya mkonge ya Kimamba yakiwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali. Malolo ilibaki upande wa pili wa milima. Hata tawi la reli kutoka Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu, lililokuwa likifanya kazi katikati ya miaka ya 1960, lilielekea kwenye miwa ya Kilombero na halikulijali bonde la Mwega.

Kilichobadilisha mambo ni barabara, na barabara yenyewe ilitokana na siasa za mbali. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya kusini, na mafuta pamoja na shaba vikaanza kupita Tanzania kwa malori yaliyotimua vumbi usiku na mchana katika njia ambayo wakati wa masika iligeuka tope na kuua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 mtu aliweza kupanda basi Dar es Salaam asubuhi, akakatiza Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, akateremka katika bonde la mibuyu na kuupanda mlima wa Kitonga siku hiyohiyo. Kwa abiria wa mabasi hayo bonde la Ruaha lilikuwa mahali pa kuchimba dawa, maana yake kusimama porini kwa haja, na mahali pa kununua vitunguu kupitia dirishani. Hiyo ndiyo sura pekee ya nchi hii waliyoifahamu Watanzania wengi, na kwa kweli ni ujuzi mdogo mno, kwa sababu wale waliokuwa wakiuza vitunguu madirishani walivitoa katika mashamba ambayo abiria hawakuwahi kuyaona.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliifahamu Malolo katika miaka ya 1980, wakati ambapo mgeni bado alikuwa mgeni kwa maana kamili. Mtu aliposhuka barabara kuu na kutembea kwa miguu, au kwa bahati akapewa lifti juu ya lori, hakwenda kwanza alikokusudia, bali alipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chini kabisa katika muundo wa chama tawala ambaye, baada ya machifu kuondolewa kisheria mwaka 1963, ndiye aliyerithi kazi ya kujua nani amelala katika eneo lake. Balozi aliuliza jina, atokako, mwenyeji wake na siku atakazokaa, na baada ya hapo mgeni alikuwa chini ya ulinzi wa kijiji kizima. Hodi ilijibiwa kwa kigoda na maji ya kunywa, kisha maji ya kuoga, na ndipo habari za safari zilipoulizwa, kwa kuwa ilionekana ni utovu wa adabu kumhoji mtu mwenye vumbi. Watoto walihamishiwa kwenye mkeka ili mgeni apate kitanda, na kuku aliyekuwa akitembea uani jioni hiyo hakuonekana tena asubuhi.

Ukarimu huo haukutoka katika wingi. Ilikuwa miaka ya uhaba uliofuata vita vya Kagera, ambapo sukari, sabuni na mafuta ya taa viligawiwa kwa zamu katika duka la kijiji, na mgeni mwenye busara alikuja na mche wa sabuni au kilo ya sukari mfukoni, si kwa kulipia malazi, bali kwa kuwa alijua anakwenda kupunguza akiba ya watu. Wala haukuwa ukarimu usio na mwisho. Methali isemayo kwamba mgeni ni wa siku mbili na siku ya tatu apewe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza msingi wa ujamaa, ilitekelezwa Malolo kwa vitendo, kwani mgeni aliyekaa zaidi alifuatana na wenyeji wake shambani, akapalilia mahindi au akashika zamu ya maji, na ni hapo, akiwa ameinama pamoja nao, ndipo alipoanza kusikia habari za kweli za kijiji: nani ana ugomvi wa mpaka, mfereji upi unavuja, mtoto wa nani amefaulu kwenda sekondari. Kukaa namna hiyo kulimpa mgeni elimu ambayo hakuna mgeni wa siku moja anayeweza kuipata.

Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi ambayo wananchi waliibatiza jina la ruksa, kitunguu kiliinuka kutoka kuwa kiungo cha bustani hadi kuwa zao la biashara la bonde zima, pande zote mbili za mpaka wa mikoa. Kilimo chake chahitaji mikono mingi. Mbegu huatikwa kwenye kitalu kwa wiki sita hivi, miche huhamishiwa katika majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta madogo ili maji yatuame kwa kiasi, kisha hufuata palizi, dawa na zamu za maji kwa miezi mitatu hadi minne kabla ya kung'oa, kukausha na kukata majani. Skimu ya umwagiliaji ya Mwega, yenye banio na mifereji iliyosakafiwa, iliimarisha kazi hiyo kwa kuwapa wakulima maji ya uhakika zaidi kuliko mifereji ya udongo iliyobomoka kila masika. Ndiyo maana vitongoji vya Malolo vina watu wa kila kabila: wengi walikuja kama vibarua wa msimu, wakakodi kipande, wakaoa au kuolewa, wakabaki. Kwa hao methali ya jembe iligeuzwa, kwa kuwa walipewa jembe siku ya kwanza.

Mgeni mwingine aliyeletwa na kitunguu ni mnunuzi, naye ndiye aliyebadilisha desturi. Siku hizi mtu afikapo Malolo kwa bodaboda, swali la kwanza analoulizwa na vijana wanaokaa vijiweni ni kama amekuja kununua mzigo, na akijibu ndiyo hupata dalali, yaani mtu wa kati anayejua shamba lipi limeng'olewa na mkulima yupi ana haraka ya fedha. Hula kwa mama lishe, hulala gesti, hujaza daftari linalouliza jina, kabila, kazi, atokako na aendako, maswali yaleyale ya balozi ila sasa hayafuatwi na kigoda wala maji ya kunywa, na alfajiri lori lake linaondoka kuelekea masoko ya Dar es Salaam. Simu ya mkononi, na malipo ya simu yaliyoanza nchini mwaka 2008 kwa huduma ya M-Pesa, yamemwezesha hata kutokuja kabisa.

Wazee wapo wanaosema kwamba utu umekufa, na kauli yao inastahili kusikilizwa, lakini haisemi yote. Nyumba zilizokuwa za nyasi zimeezekwa bati kwa fedha ya vitunguu, wazazi wamelipia ada za watoto, na mwanamke mwenye majaruba yake mwenyewe halazimiki tena kungoja hisani ya ndugu wa mume. Mkulima aliyekuwa akimlisha msafiri bure alikuwa pia mkulima asiyekuwa na mahali pa kuuza. Lililo baya katika mabadiliko haya ni dogo kwa jina na kubwa kwa madhara, nalo ni lumbesa, desturi ya kushindilia gunia hadi lijae, kisha kuliongezea kilemba cha wavu juu yake, ili mnunuzi achukue mzigo unaozidi sana kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, viongozi wa ngazi zote wameikemea, na bado magunia yenye vilemba hupakiwa malorini, kwa sababu kitunguu kilichong'olewa hakingoji na mkulima asiye na ghala hana nguvu ya kukataa. Mababu waliomtoza hongo mwenye bunduki wangeshangaa kuona wajukuu wao wanapunjwa na mtu mwenye sindano ya kushonea magunia.

Hali hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na mji mdogo wa Lasalgaon, katika Wilaya ya Nashik, Jimbo la Maharashtra nchini India, unaojulikana kuwa na soko la vitunguu linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote barani Asia. Aina ya kitunguu iitwayo Bombay Red, ambayo wakulima wa Tanzania wanaifahamu sana, imechukua jina la zamani la mji mkuu wa jimbo hilohilo. Huko wakulima huleta mzigo kwa matela ya trekta katika uwanja wa kamati ya soko, mnada huendeshwa hadharani trekta kwa trekta, bei hutajwa kwa kwintali, yaani kilo 100, na mzigo hupimwa kwenye mizani kabla ya mtu kulipwa. Lasalgaon haikosi shida zake, kwani serikali ya India ilipozuia uuzaji wa vitunguu nje kuanzia Desemba 2023 hadi Mei 2024 wakulima wake waliandamana kwa uchungu, lakini angalau mgeni anayekuja kununua hukuta bei inayojulikana na mizani asiyoishika yeye. Malolo ina maji, ina udongo, ina watu hodari. Inachokosa ni uwanja wa namna hiyo, wenye mizani, ghala na mnada wa wazi, na hilo si jambo lililo nje ya uwezo wa halmashauri na chama cha ushirika kikisimamiwa vizuri.

Basi anayesafiri kwenda Iringa na kununua vitunguu dirishani, akipata nafasi, na ateremke achepuke. Aanzie ofisi ya kijiji, asalimie, asaini kitabu cha wageni na aeleze kilichomleta, kwa kuwa utaratibu huo wa heshima ungali hai na mtendaji wa kijiji atampatia mwenyeji. Akae zaidi ya siku moja. Na akitaka kununua mzigo, aununue kwa kilo.