Mwache Bibi Yake Aseme Naye

Tlawi, Mbulu

Mwanangu,

Mguu wa baba yako bado, mahindi tunashukuru. Kilichonifanya nishike kalamu ni habari niliyoikuta gulioni Dongobesh: eti umemkataza mama mkwe wako kusema Kidatoga na mtoto, na wewe Kiiraqw umekiacha, nyumba nzima Kiswahili tu, kwa sababu mtu amekwambia lugha tatu ndizo zilizomfunga mtoto ulimi. Kama ni uongo wa gulioni, nisamehe. Kama ni kweli, keti usome.

Usonji alio nao mtoto hauletwi na lugha. Daktari Leo Kanner alipouandika huko Marekani mwaka 1943, alieleza watoto 11, na hapakuwa na Mwiraqw wala Mdatoga kati yao. Watafiti wa Kanada nao wamelinganisha watoto wenye usonji wa nyumba za lugha moja na wa lugha mbili. Wa lugha mbili hawakuachwa nyuma.

Nilipofundisha darasa la kwanza alikuwapo mtoto wa jirani yetu, yule aliyependa kuzungusha kifuniko cha sufuria chini kutwa nzima. Hakuwa na maneno yake, alikuwa na ya watu. Kila jioni bibi yake alipaza sauti kwa Kiiraqw ndama wafungwe. Basi mtoto akitishwa na kelele za darasani hutoa yaleyale, kwa sauti ya bibi ileile: ndama wafungwe! Mwalimu mwenzangu, mtu wa kuja, akaona anafanyiwa mzaha, akamchapa. Mimi nilijua anaomba kwenda nyumbani. Nikamtoa nje, akatulia.

Kisha shuleni wakamwagiza mama yake aseme naye Kiswahili tu. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, njoo, kaa. Ikabaki njoo na kaa. Nyimbo zikakoma, utani ukakoma, na mtoto akaacha hata ya ndama. Bibi ndiye aliyekaidi, akaendelea naye zizini kwa lugha yake. Leo yule ni mtu mzima, anakamua ng'ombe akimtaja kila mmoja kwa jina, na Kiswahili alikipata baadaye, cha kumtosha kuuza maziwa.

Sasa wewe unashinda dukani Katesh, na mama mkwe wako, aliyehamia kwenu baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023, ndiye anayeshinda na mtoto. Ukimfunga mdomo huyo, mtoto atasikia nini mpaka jioni?

Mpeleke hospitali ya Haydom apimwe masikio, na wakikuelekeza KCMC Moshi, nenda. Kwa mganga wa kuchanja usikanyage. Wageni wakija usimfungie chumbani. Nikija mimi nataka nimkute barazani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Mwalimu akikukatalia, niite, bado wananijua.

Mwambie mumeo blanketi langu la shangazi kwenye mahari yako halijafika mpaka leo. Lakini Kidatoga chao sina ugomvi nacho, nawe usiwe nao. Ukimaliza kusoma hii, mwombe radhi mama mkwe wako, umrudishie mjukuu wake aseme naye apendavyo.

Shangazi yako