Robine ya Uani

Watengenezaji wa programu za intaneti wana neno walilolichukua kwenye nyumba za kupanga. Programu moja ikihudumia wateja wengi ambao hawapaswi kuonana, kila mteja huitwa mpangaji. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka. Nimekulia Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, katika uwanja ambao sisi huku tunauita parseli: vyumba vya familia tano, lango moja, choo kimoja, na robine moja katikati ya ua. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza kwamba ugomvi wa wapangaji hautoki vyumbani. Hutoka kwenye robine.

Mtaani kwetu kuna vikundi vitano vya akiba na mikopo. Wengi wa wanachama ni akina mama wanaouza mchele, mawese na ndagala. Kijana mmoja aliwatengenezea programu ya kuandikia michango yao, na alipohama nchi kazi ya kuitunza ikaniangukia mimi, mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza kompyuta jioni. Kuna hifadhidata moja, na ndani yake kila kikundi kina skima yake, yaani chumba chake chenye majedwali yake. Hifadhidata hiyo ni PostgreSQL, iliyoanza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na ambayo leo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa.

PostgreSQL hukubali kuongezewa uwezo ambao haikuzaliwa nao. Nyongeza hizo naziita viendelezi. Kimoja kinaitwa citext, na kazi yake ni kulinganisha maneno bila kujali herufi kubwa na ndogo. Kwetu ni kitu cha lazima. Karatasi za ofisi zimetuzoesha kuandika jina la ukoo kwa herufi kubwa, kwa hiyo katibu mmoja huandika NIYONZIMA na mwenzake Niyonzima, na wote wanamaanisha mtu yule yule.

Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, kiendelezi huwekwa kwa amri moja tu. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalitazami: huwekwa mara moja katika hifadhidata nzima, na vitu vyake hukaa katika skima moja. Ukitaka kukiweka tena katika chumba cha pili, hifadhidata itakuambia kwamba kipo tayari. Yule kijana alikiweka katika chumba cha kikundi cha kwanza, kisha akavielekeza vikundi vingine huko. Robine ikawa ndani ya chumba cha mpangaji mmoja.

Mama mmoja wa kikundi cha tatu alinijia na daftari lake mkononi. “Mwanangu, simu inasema nina 80,000. Mimi nimeweka 160,000. Nani amekula nusu?”

Hakuna aliyekula. Alikuwa ameandikwa mara mbili, mara moja kwa herufi kubwa na mara moja kwa ndogo, na michango yake imegawanyika. Katika vikundi vyao mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Yeye alihitaji faranga 400,000 za kuleta ndagala kutoka Rumonge, na programu ilikuwa inamkomea 240,000. Mbele ya wenzake alionekana kama mtu anayeomba kisicho haki yake.

Chanzo kilikuwa ile njia ya kutafutia: orodha ya skima ambazo hifadhidata huzipitia inapotafuta kitu. Njia ya kikundi cha tatu haikupita katika chumba cha kwanza. Maelezo rasmi ya citext yanasema wazi kwamba kiendelezi kisipokuwa kwenye njia hiyo, maneno hulinganishwa kwa namna ya kawaida, inayotofautisha herufi. Hakuna onyo linaloandikwa. Katibu alitafuta jina, akaambiwa halipo, akaliandika upya. Mimi naogopa zaidi mashine inayokosea kimya kuliko inayosimama na kupiga kelele.

Rafiki mmoja akapendekeza chumba cha kwanza kiongezwe kwenye njia ya kila kikundi. Nilikataa. Siku jedwali la kikundi cha tatu litakapokosekana, programu ingesoma la kikundi cha kwanza, na wapangaji wangeanza kuona fedha za wenzao.

Tena kikundi cha kwanza kilikuwa kimeomba kujitoa, na chumba chake kifutwe. Nilichukua nakala ya hifadhidata, nikaanza muamala unaoweza kurudishwa nyuma, nikatoa amri ya kufuta skima hiyo pamoja na vyote vinavyoitegemea. Orodha ikashuka kwenye kioo: kiendelezi citext, safu ya majina ya kikundi cha pili, ya cha tatu, ya cha nne, ya cha tano. Kwa sababu safu hizo zilikuwa za aina inayotoka kwenye citext, zinakufa pamoja nayo. Fedha zingebaki kama zilivyo, faranga kwa faranga, bila jina hata moja. Nikarudisha muamala nyuma, nikakaa kimya kidogo.

Dawa yenyewe ni fupi. Niliunda skima ya sita isiyo ya mpangaji yeyote, nikaiita ua, nikakihamishia kiendelezi humo kwa amri moja. Njia ya kila kikundi sasa hupita chumbani kwake kwanza, kisha uani. Wapangaji wana ruhusa ya kutumia kilichomo uani, si ya kujenga humo, maana anayejenga uani anaweza kuwawekea wenzake kitu wasichokijua. Na ukitoa nakala ya chumba kimoja peke yake, kiendelezi hakiandamani nayo. Huko unakoihamishia, ua hutangulia.

Si kila kiendelezi kinahamishika hivyo. PostGIS, kinachoshughulikia ramani, tangu toleo lake la 2.3 hakihamishwi kwa amri hiyo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, unakihitaji. Kila hifadhidata yake huwekewa PostGIS yake. Kwa wizara ya afya hiyo ni busara. Vikundi vitano vinavyochangia kodi ya seva moja ndogo haviwezi kumjengea kila mmoja nyumba yake. Vitagawana, na siku ya kubadilisha toleo la kiendelezi vyote vitabadilika pamoja, apende asipende.

Kuyaunganisha majina yaliyojirudia sikuiachia mashine. Katika mkutano wa kikundi cha tatu katibu alisoma orodha kwa sauti, jina baada ya jina, na wenyewe wakajibu. Akiba ya yule mama ikarudi kuwa 160,000. Jozi moja tu hatukuigusa: walikuwa kweli watu wawili, wameketi benchi moja, wakicheka. Hao tumewatofautisha kwa namba za simu.