Saini iliyokwama Taveta

Leo nina kisa.

Nilimtengenezea mama mmoja wa Mombasa tovuti ya kuuzia vikoi. Bei, malipo, mkataba wa kutia saini kwa simu, vyote vilifanya kazi. Akaja mnunuzi wa jumla kutoka Arusha, na wakili wake akauliza: "Kukitokea kesi huku kwetu, saini hii atatuthibitishia nani?" Sikuwa na jibu. Karatasi yenye muhuri ikapandishwa basi kupitia Taveta. Mzigo ukachelewa, oda ikapunguzwa nusu.

Nikaanza kusoma sheria. Kenya ilitambua saini za elektroniki mwaka 2009, Uganda 2011, Tanzania 2015. Sheria ya mfano ya UNCITRAL ipo tangu 1996, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwongozo wa pamoja mwaka 2010. Hata hivyo kila nchi ilitunga yake kwa wakati wake, na msimamizi wake.

Sisi watengenezaji wa programu tunalijua tatizo hili: kusoma mwongozo mmoja si kuelewana.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, si ulisema intaneti haina mpaka?"

Nilisema kweli, mama. Sheria ndiyo inao.