Bolti Moja, Ndugu Wawili

Kama wewe na mwenzio mmewahi kununua pikipiki na kumpa ndugu aiendeshe kwa mkataba, basi ule ujumbe unaufahamu. Unaingia usiku, mmeshakula, mnaangalia tamthilia. "Bro, chombo kinasumbua. Hesabu ya leo sina." Mara ya kwanza mnasema pole. Mara ya tatu mnatazamana.

Yetu iko Kibiti, kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Hesabu ni shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na baada ya muda tuliokubaliana inakuwa mali yake. Mwaka huu ilikuwa imebaki miezi mitatu tu ndipo ujumbe ulipoanza kuingia mfululizo. Siku tisa hakuna hata senti. Maelezo yake yalikuwa yale yale: kuna bolti moja imegoma kutoka.

"Bolti moja, siku tisa?" mume wangu akasema. "Huyu dogo ananipiga saundi." Akaanza kuongea habari za kuichukua pikipiki na kumpa mtu baki. Mimi nikamwambia, baba, kabla hujamnyang'anya mdogo wako riziki, twende tukaione hiyo bolti. Kutoka Dar hadi Kibiti ni kama kilomita 140 tu, barabara ni lami tupu. Jumamosi alfajiri tukawasha gari.

Sasa ngoja nikueleze kidogo habari za chuma cha kule, maana usipoijua utamuonea mtu bure. Kutoka Kibiti vijana wanashuka hadi Nyamisati, bandari ndogo ya boti za Mafia, kwenye msitu mkubwa wa mikoko wa delta ya Rufiji. Wanakwenda na abiria, wanarudi na samaki, kamba na kaa kwenye matenga. Yale maji ya chumvi yanachuruzika njia nzima juu ya pikipiki. Isitoshe, Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, chombo chetu kilishinda kwenye maji siku mbili. Injini ni ya alumini, bolti ni za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na chumvi zinaoana, na ndoa yenyewe haina talaka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ule mpira unaounganisha kabureta na injini ulipasuka, hewa ikawa inapenya pembeni, pikipiki ikawa inapiga misi, silensa haitulii, mafuta inakunywa kama haina akili. Mpira mpya ni bei ya chipsi kuku. Unashikiliwa na bolti mbili za milimita 6, zile zinazofunguliwa kwa spana namba kumi. Ya nje ilitoka. Ya ndani imejificha kati ya injini na chasisi, mkono hauingii vizuri, jicho halioni. Fundi mmoja wa kijiweni akaiendea na spana iliyotanuka mdomo, ikateleza, akalazimisha, ikateleza tena. Zile pembe sita za kichwa zikaliwa zote. Kikabaki kitu cha mviringo kama kifungo cha shati.

Tulipofika, mume wangu hakusalimia sana. Alichuchumaa, akapitisha vidole kule ndani, akanyamaza. Nilimwona usoni kwamba ameikuta.

Fundi wa pili, mzee wa makamo anayeheshimika pale stendi, ndiye aliyetupa somo. Cha kwanza alichofanya ni kumzuia kila mtu asiguse. Bolti ikishateleza mara mbili, alisema, kila jaribio jipya na spana ile ile linakula kidogo kilichobaki. Akaiondoa tanki, akaiondoa na kabureta, petroli yote ikapelekwa mbali. Kisha akalegeza bolti zinazoshika injini kwenye chasisi, akaiinamisha mbele kidogo tu, upana wa vidole viwili hivi. Mimi niliyezoea kuona mafundi wakipambana na tundu lilivyo, hapo nilivutiwa. Kumbe nafasi inatengenezwa!

Halafu akasugua kichwa kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya kulainisha kutu, akaigonga bolti taratibu kwa nyundo ndogo. Yale makofi yanapasua kutu kidogo kidogo na mafuta yanapata pa kupita. Tukaambiwa tukanywe chai. Chai yenyewe ilifika saa mbili na nusu, na ndugu wale wawili walikaa benchi moja bila kusemezana. Nikawa naongea mimi peke yangu, kama mtangazaji wa redio.

Tuliporudi alijaribu soketi namba tisa, akaigongelea kwa nguvu juu ya kile kichwa cha kumi kilicholiwa. Soketi yenye pembe sita, siyo ile ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ya sita inabana ubapa wa bolti na ile nyingine inashika ncha tu, na ncha ndizo hatuna. Ilishika. Ikazunguka kidogo. Ikateleza.

Basi akaagiza wa kuchomelea. Betri ikachomolewa waya, matambara yenye mafuta yakaondolewa, ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Mpango ulikuwa kuweka nati juu ya kichwa cha bolti na kuzichomelea ndani kwa ndani ziwe kitu kimoja. Tatizo ni nani ataishika nati pale ndani. Mkono wa fundi mnene, wa mume wangu ndiyo usiseme. Shemeji akalala chali chini ya pikipiki na koleo refu, akaingiza mkono wake mwembamba. Mume wangu akalala ubavuni kwake kumulika kwa tochi ya simu, vichwa vyao vimegusana.

"Sogeza kushoto. Kidogo. Hapo hapo, bro, usitikisike."

"Umeumia hapo kwenye kiwiko?"

"Hii ya wiki iliyopita. Nilikuwa najaribu kuitoa usiku."

Walifumba macho, cheche zikaruka sekunde chache tu. Joto lenyewe ni dawa: alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea kuliko bolti. Ikaachwa ipoe. Fundi akatia spana kwenye ile nati, akaisukuma mbele, akairudisha nyuma, mbele, nyuma, bila haraka. Ikalia kama mlango wa zamani. Ikatoka, nyekundu kwa kutu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi sikutegemea. Wanaume wa ukoo ule nawajua. Mume wangu aliigeuzageuza ile bolti kiganjani muda mrefu, akaitia mfukoni. Akalipa fundi na mchomeleaji, akamwambia mdogo wake zile siku tisa zisihesabiwe deni. Bolti mpya ikapakwa grisi kidogo kabla ya kufungwa, ikakazwa kwa spana fupi ili mtu asizidishe nguvu.

Mama mkwe alikuwa ametupikia wali wa nazi na kamba wa Nyamisati. Tulikula sote sinia moja, mafuta ya injini bado yako kwenye kucha zao. Shemeji akamuuliza kaka yake kama akipita Gerezani anaweza kumtafutia soketi namba kumi, ya pembe sita. Jumanne jioni aliinunua, na akaipakia kwenye basi la asubuhi la Kibiti.