Safari ya Usiku Kutoka Bristol

Mdogo wangu hupiga gitaa katika dansi za mbali, na kila akawiapo kurudi mimi humkumbuka Eddie Cochran, kijana wa Kimarekani. Mwaka 1960, tangu Januari, yeye na Gene Vincent walizunguka miji ya Uingereza wakipiga muziki katika majumba ya michezo. Jumamosi tarehe 16 Aprili walimaliza kazi Bristol, wakapanda teksi usiku ule ule kwenda London, maana Cochran alitaka kuwahi ndege ya kwao. Mjini Chippenham gari likagonga mlingoti wa taa. Vincent aliumia, akapona. Cochran alifariki kesho yake hospitalini, naye ana miaka 21 tu. Laiti wangalilala Bristol! Nimemwambia mdogo wangu hayo. Hunijibu kwamba ujira wa dansi hautoshi kulipia kitanda.