Gari Lililotikisika na Shauri Tulilolipuuza

Juma hili twaandika juu ya kosa letu wenyewe, tukitaraji wengine wasilirudie.

Pikapu yetu ni ya zamani, na sehemu kubwa ya riziki ya nyumba yetu yapita nyuma yake. Kila Jumamosi twaenda shamba, upande wa Kilifi, kuleta nazi. Siku nyingine twabeba unga na mafuta ya mama watoto, ambaye hupika mahamri ya kuuza. Mwezi wa Shaaban uliopita gari lilianza kutikisika. Likisimama lilikuwa halina neno. Likikanyagwa mafuta liondoke, latetemeka kama mgonjwa wa homa.

Mwenzetu alitwambia mapema: "Bwana, gari hili hutikisika likiwa na mzigo, tena wakati wa kuondoka na kupanda mlima. Ukiinua mguu, hutulia. Na mimi mtikisiko naupata chini ya kiti."

Tulimjibu jawabu ambalo leo twaona haya kuliandika: kwamba yeye ashike mahamri yake, mambo ya gari atuachie sisi. Tena tuliyasema hayo mbele ya watoto na kijana aliyekuwa akipakua nazi. Akanyamaza.

Tukaenda dukani kununua spea. Jirani alisema ni plagi. Tukabadilisha zote 4. Mwingine akasema ni koili, tukanunua koili. Wa tatu akasema ni magurudumu. Tukayapeleka kupimwa balansi. Gari likaendelea kutikisika vile vile. Na pesa zilizotumika zilikuwa zimewekwa kando kwa nguo za Idi za watoto.

Jumamosi moja, tukirudi na mzigo wa nazi, tulikuwa twapanda kutoka daraja la Mtwapa. Mama watoto alikuwa kando yetu, amempakata kitindamimba wetu. Ghafla tukasikia kishindo cha chuma chini ya miguu yetu, kisha cha pili. Hakusema neno, alimkumbatia mtoto tu. Tulikwenda polepole mno hadi kwa fundi mmoja mtu mzima, na njia nzima ulimi wetu haukutoka katika istighfari.

Tulianza kumhesabia fundi vyote tulivyobadilisha. Akatukatiza kwa adabu: "Maalim, usinambie umenunua nini. Nambie latikisika lini."

Tukababaika. Bei za spea tulizijua zote. Swali lile hatukuwa na jawabu lake. Mama watoto, kutoka kitini pake, ndiye aliyemjibu, kwa maneno yale yale aliyotwambia sisi.

Fundi akaweka spana chini, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akatufafanulia. Gari likitikisika kwa mwendo fulani, hata ukiinua mguu, na usukani ukacheza, mara nyingi ni magurudumu. Likitetemeka wakati wa kuachia klachi tu, tazama klachi. Likikatakata nguvu kama mtu mwenye kwikwi, na taa ya injini ikawaka, hapo ndipo pa kutafuta plagi na koili. Lakini likitikisika linapovuta mzigo na kutulia mguu unapoinuliwa, tazama raba zinazoshika injini, kisha tazama propela, yaani ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma.

Akazuia magurudumu kwa mawe, akainua gari, akalitegemeza imara ndipo akaingia chini. Raba za injini zilikuwa nzima. Aliposhika propela na kuisokota kwa mkono, ilicheza pale penye krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba. Pembeni mwake palikuwa na vumbi jekundu la kutu: beringi zake ndogo zilikuwa zimekauka na kusagika. Lau tungeendelea, kiungo kingekatika na mtaimbo ule ungeanguka barabarani, gari likiwa mwendoni.

Kabla ya kuifungua propela alitia alama za rangi, ili irudi kama ilivyokaa, isije ikaleta mtikisiko mwingine. Akatia krosi mpya, akaijaza grisi. Tulipomsifu alitikisa kichwa: "Mama huyu alikwisha lipima gari. Mimi nimehakikisha tu."

Tulikumbuka kisa ambacho tumekisomesha miaka mingi. Siku ya Hudaybiya, Maswahaba walipochelewa kuchinja na kunyoa kwa huzuni, Mtume (s.a.w.) aliingia kwa Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Yeye alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje wanyama wake na kunyoa. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Mbora wa viumbe alipokea shauri la mkewe katika jambo la umma mzima. Sisi tulilikataa shauri la krosi moja.

Jioni ile tulimwomba radhi mwenzetu, mbele ya watoto na kijana yule yule, kwani aliyevunjiwa heshima hadharani hatoshi kuombwa radhi chumbani. Nguo za Idi alizinunua yeye kwa pesa za mahamri. Kwetu hilo ni deni, na twalilipa kidogo kidogo.

Nanyi dada zetu, mkiona gari lina ila, shikeni ni lini: likiwa tupu au na mzigo, likiondoka au mwendoni, mguu ukiwa chini au juu. Mseme, na mseme tena. Nasi waume tusikilize kabla ya kufungua mkoba.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi njiani, na atujaalie masikio ya kusikia walio karibu nasi. Amin.